Plaki ya Ateri za Shingo, Kiharusi na Moyo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Plaki ni kitu gani hasa, na inakaa wapi?

Kila mtu ana ateri mbili kubwa ziitwazo karotidi, moja kulia na nyingine kushoto, zinazopanda shingoni kandokando ya koo. Ukiweka vidole viwili taratibu pembeni ya kikoromeo utaihisi mojawapo ikidunda. Karibu na usawa wa juu wa kikoromeo kila ateri hugawanyika katika matawi mawili: tawi la ndani huingia kwenye fuvu na kulisha jicho pamoja na sehemu kubwa ya mbele ya ubongo, na tawi la nje hulisha uso, ulimi na ngozi ya kichwa. Ubongo una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hupokea kama asilimia 15 ya damu inayosukumwa na moyo, na sehemu kubwa ya damu hiyo hupitia hapo shingoni.

Plaki ni uvimbe unaokua katika ukuta wa ateri. Wengi hudhani ni mafuta yaliyogandia juu ya ukuta, yanayoweza kukwanguliwa au kuyeyushwa. Kumbe huota chini ya utando laini unaofunika ukuta huo kwa ndani. Lehemu (kolesteroli) mbaya, yaani ile inayoandikwa LDL kwenye majibu ya maabara, hupenya utando huo. Seli nyeupe za damu huja kuimeza, hushiba mafuta na kufia humo humo. Kisha mwili hujaribu kulifunika eneo lote kwa kovu. Baada ya miaka mingi panakuwa na kiini laini cha mafuta na seli zilizokufa, kifuniko cha kovu juu yake, na mara nyingi madoa ya chokaa.

Je, huu ni ugonjwa wa siku hizi, wa watu wachache wenye uwezo?

Hapana kwa yote mawili. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba kati ya watu wote duniani wenye umri wa miaka 30 hadi 79, karibu asilimia 21 wana plaki kwenye ateri za shingo, idadi inayozidi milioni 800. Waliokuwa na plaki iliyokwisha kuubana mshipa kwa nusu au zaidi walikuwa wachache sana, kama asilimia 1.5. Tofauti kati ya takwimu hizo mbili ni jambo la kushikwa tangu mwanzo, kwa sababu hofu nyingi hutokana na kuzichanganya: kuwa na plaki ni jambo la kawaida, ilhali kuwa na mshipa uliobanwa vibaya si la kawaida.

Kuhusu kuwa ugonjwa wa siku hizi, wataalamu walipiga picha za CT (eksirei za kompyuta zinazoonyesha ndani ya mwili) maiti 137 za kale zilizokaushwa, kutoka Misri, Peru, kusini-magharibi mwa Marekani na visiwa vya Aleuti, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha dalili za ugonjwa huu wa ateri, za uhakika au za kudhaniwa, katika maiti 47. Hao hawakuwahi kuonja chipsi wala soda.

Kwa nini plaki hupenda pale mshipa unapogawanyika?

Kwenye sehemu iliyonyooka damu hupita kwa mkondo ulionyooka, na utando wa ndani wa ateri huzoea mkondo huo na hubaki imara. Pale panapogawanyika, ateri ya ndani huanza kwa kutanuka kidogo, na upande mmoja wa mtanuko huo damu hupoteza kasi, huzunguka na hata kurudi nyuma. Utando unaoguswa na mkondo dhaifu na wa kuyumba namna hiyo huvimba kwa urahisi zaidi na huruhusu lehemu kupenya. Ndiyo maana plaki hukutwa mahali palepale kwa mgonjwa baada ya mgonjwa.

Plaki ya shingoni inasababishaje kiharusi cha ubongo?

Kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba kiharusi cha kuziba kwa mshipa huanzia ndani ya fuvu. Mwaka 1951 daktari wa Kanada, C. Miller Fisher, alichapisha maelezo ya wagonjwa ambao ubongo wao ulidhurika ilhali ugonjwa wenyewe ulikuwa chini, kwenye ateri za shingo, na tangu hapo ndipo shingo ikaanza kuchunguzwa kwa makini.

Mtu akisikia habari hii hudhani kwamba plaki hukua polepole hadi inaziba njia na ubongo unakosa damu. Hilo hutokea, lakini si njia kuu. Plaki ya hatari hufanana na jipu ambalo ngozi yake imekuwa nyembamba: kinachotisha ni wembamba wa kifuniko kuliko ukubwa wa uvimbe. Kifuniko kikipasuka, kiini cha mafuta hukutana na damu, na damu hufanya kile inachofanya kwenye kila jeraha, yaani huganda. Bonge dogo la damu iliyoganda, pengine na vipande vya plaki yenyewe, hung'oka, hupanda na mkondo, na hukwama kwenye mshipa mwembamba ndani ya ubongo. Sehemu inayolishwa na mshipa huo huanza kufa ndani ya dakika chache.

Kwa sababu hiyo watu wawili wenye mshipa uliobanwa kwa kiwango kilekile wanaweza kuwa na hatari tofauti kabisa. Plaki ngumu, yenye chokaa nyingi na kifuniko kinene, inaweza kukaa miaka bila kuleta taabu, na plaki laini yenye kiini kikubwa cha mafuta, au iliyovuja damu kwa ndani, ikapasuka hata kama haijaubana sana mshipa. Hata hivyo kiwango cha kubanwa bado kina uzito wake, kwani kadiri mshipa unavyobanwa ndivyo hatari ya kiharusi inavyoongezeka kwa ujumla.

Nilipata udhaifu wa mkono ukaisha baada ya dakika kumi. Je, nahitaji kwenda hospitali ilhali nimeshapona?

Ndiyo, na siku hiyohiyo. Hiki ndicho kiharusi cha mpito: bonge limekwama, likavunjika au likasogea, na damu ikarudi kabla ubongo haujafa. Hatari ya kiharusi kamili ni kubwa zaidi katika siku mbili zinazofuata, kisha hupungua taratibu katika wiki zinazokuja. Mtu anayesubiri hadi mwisho wa mwezi amepitisha muda ambao tiba ingemsaidia zaidi.

Inafaa kujua jinsi dalili zinavyojipanga. Ateri ya shingo ya kushoto hulisha upande wa kushoto wa ubongo, nao huongoza upande wa kulia wa mwili. Kwa hiyo plaki ya kushoto hulegeza mkono au mguu wa kulia, na kwa watu wengi huvuruga maneno pia. Mgonjwa anaijua chai, anaiona chai, lakini jina lake halitoki, au linatoka neno lisilohusika. Jicho hufuata kanuni nyingine, kwa kuwa hulishwa na ateri ya upande wake lenyewe. Wagonjwa hueleza kwamba pazia jeusi au la kijivu lilishuka juu ya jicho moja, likakaa dakika chache, kisha likapanda tena bila maumivu yoyote. Wengi wao hufikiria miwani au uchovu, wakaenda kwa mpimaji macho baada ya wiki tatu. Pazia la namna hiyo ni dharura, na mpimaji macho mwenye uangalifu atampeleka mgonjwa hospitali badala ya kumuuzia miwani.

Nina kizunguzungu, shingo inauma na kichwa kinagonga. Je, ni plaki?

Kwa kawaida siyo. Plaki ya karotidi haina maumivu, na kizunguzungu peke yake ni nadra kutokana nayo. Mara nyingi chanzo ni sikio la ndani, upungufu wa damu, dawa, au presha inayoshuka mtu anaposimama. Maumivu ya ghafla ya shingo upande mmoja, yakifuatana na kope kulegea au udhaifu wa upande wa mwili, ni habari nyingine: huenda ukuta wa ateri umechanika, jambo linaloweza kumpata hata kijana asiye na plaki kabisa.

Plaki iko shingoni. Moyo unahusikaje?

Hili ndilo swali linalostahili kuulizwa mara nyingi kuliko yote, na kwa bahati mbaya huulizwa mara chache. Ateri za shingo na ateri zinazolisha misuli ya moyo huogeshwa na damu ileile, yenye lehemu ileile, sukari ileile, moshi uleule wa sigara na presha ileile. Plaki ikionekana mahali pamoja, uwezekano wa kuwepo kwingine ni mkubwa. Kwa mtu mwenye plaki ya shingo ambaye hajawahi kupata dalili zozote za ubongo, miaka inayofuata huwa na hatari kubwa zaidi ya kufa kwa mshtuko wa moyo kuliko kwa kiharusi. Shingo ina faida moja tu juu ya moyo, nayo ni kwamba ateri yake iko karibu na ngozi na huonekana kwa ultrasaundi (picha ya mawimbi ya sauti) ya kawaida.

Kwa hiyo mgonjwa aliyegundulika plaki shingoni anapaswa kuulizwa kuhusu kifua: je, kifua kinabana anapopanda ngazi au kilima, maumivu yanaenda begani au kwenye taya, pumzi inakatika kwa kazi ambayo mwaka jana haikumchosha? Anapaswa pia kuulizwa kuhusu miguu, kwa sababu mashavu ya miguu yanayouma wakati wa kutembea na kutulia mtu akisimama ni dalili ya ugonjwa uleule kwenye ateri za chini. Daktari anayeiangalia shingo peke yake amefanya sehemu ndogo ya kazi.

Moyo una njia nyingine ya kuleta kiharusi, isiyohusu plaki. Moyo unaodunda bila mpangilio, au wenye valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, huweza kutengeneza mabonge yanayopitia ateri hizohizo za shingo yakielekea ubongoni. Afrika Mashariki ugonjwa wa valvu bado upo kwa vijana, na ndiyo sababu mtu wa miaka 28 aliyepata kiharusi huchunguzwa moyo kwa makini hata kama shingo yake ni safi.

Je, viharusi vingi vya kwetu vinatokana na plaki hii?

Hapana, na ni vizuri kusema hivyo waziwazi. Hata katika nchi ambako plaki ya shingo imeenea sana, ugonjwa wa ateri kubwa huchangia takriban kiharusi kimoja kati ya vitano au sita vya kuziba kwa mshipa. Kwa watu wenye asili ya Kiafrika, sehemu kubwa zaidi ya viharusi hutokana na presha iliyoachwa bila kutibiwa, ambayo huharibu mishipa midogo ndani kabisa ya ubongo au kuipasua ikavuja damu. Na plaki inapokuwepo, mara nyingi hukaa ndani ya fuvu kuliko shingoni.

Kuhusu ukubwa wa tatizo lenyewe, utafiti uliofanyika Tanzania kuanzia mwaka 2003 hadi 2006 ulihesabu viharusi vipya katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika eneo la jiji la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai ilikuwa na viharusi 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 315.9, kiwango kilichokuwa juu kuliko cha nchi nyingi tajiri. Aliyezoea kusema kwamba kiharusi ni ugonjwa wa Wazungu na atazame takwimu hiyo ya pili.

Nani yuko katika hatari zaidi?

Umri huja kwanza, na hauna dawa. Baada yake ni presha, sigara, lehemu mbaya iliyopanda, kisukari, ugonjwa wa figo wa muda mrefu, na historia ya ukoo ya kiharusi au mshtuko wa moyo katika umri mdogo. Wanaume huanza kupata plaki mapema, na wanawake huwakaribia baada ya kukoma hedhi. Shisha haina nafuu ile wanayoidai wavutaji wake. Moshi wake ni moshi wa tumbaku na mkaa.

Kundi moja husahaulika, nalo ni watu wanaoishi na VVU. Dawa za kufubaza virusi zimewapa umri mrefu, lakini uvimbe wa chinichini unaobaki mwilini huharakisha ugonjwa wa ateri. Jaribio la REPRIEVE, lililohusisha washiriki 7,769 katika nchi kadhaa, Uganda ikiwemo, lilionyesha mwaka 2023 kwamba kidonge cha pitavastatini (mojawapo ya statini, dawa za kushusha lehemu) kila siku kilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35 kwa watu ambao hatari yao ilikadiriwa kuwa ya chini hadi ya wastani. Anayehudhuria kliniki ya VVU akiwa amevuka miaka 40 ana haki ya kuuliza kuhusu statini, na asisubiri kuulizwa.

Plaki inagunduliwaje?

Kipimo cha kwanza ni ultrasaundi ya Dopla. Mgonjwa hulala chali, mto huwekwa chini ya mabega ili shingo inyooke, mpimaji hupaka jeli ya baridi na kupitisha kifaa taratibu kutoka juu ya mfupa wa mtulinga hadi chini ya taya, kwanza upande mmoja kisha mwingine. Hakuna sindano wala mionzi. Kwenye skrini ukuta wa ateri huonekana kama mistari miwili sambamba, na plaki hujitokeza kama kilima kinachoingia ndani ya njia ya damu. Kisha husikika mlio wa damu, mfano wa upepo unaovuma kwa vipindi, na mashine hupima kasi yake. Damu hulazimika kukimbia inapopita pembamba, na kasi hiyo ndiyo inayotumika kukadiria kiwango cha kubanwa: ikizidi sentimita 125 kwa sekunde wakati moyo unaposukuma, mshipa hukadiriwa kubanwa kwa nusu au zaidi, ikizidi 230, kwa asilimia 70 au zaidi.

Daktari pia anaweza kuusikia mvumo kwa kuweka stetoskopu shingoni, ila kutosikika kwake hakuthibitishi usalama, kwani ateri iliyobanwa sana inaweza kukaa kimya. Iwapo upasuaji unafikiriwa, matokeo ya ultrasaundi huthibitishwa kwa picha ya CT au MRI ya mishipa.

Ripoti yangu imeandikwa "asilimia 40". Je, nimebakiwa na asilimia 60 ya damu?

Hapana. Asilimia hiyo hupima upana wa njia, haipimi kiasi cha damu kinachofika ubongoni. Mwili hufidia kwa namna nyingi, mojawapo ikiwa mzunguko wa mishipa ulio chini ya ubongo, uliopewa jina la Thomas Willis aliyeueleza mwaka 1664, ambao huunganisha ateri za kulia na kushoto pamoja na zile za nyuma. Mshipa uliobanwa kwa asilimia 40 hauleti upungufu wa damu kwenye ubongo. Ripoti hiyo inamaanisha kwamba una ugonjwa wa ateri, unahitaji tiba ya dawa kwa bidii, na huhitaji kisu.

Ukipewa vipimo viwili vilivyofanyika mahali tofauti na asilimia zikatofautiana kidogo, usikimbilie kudhani ugonjwa umeongezeka haraka au umepona. Zipo njia zaidi ya moja za kuhesabu, na mikono ya wapimaji hutofautiana.

Kama kipimo ni rahisi hivyo, kwa nini asipimwe kila mtu?

Kwa sababu mshipa uliobanwa vibaya ni nadra kwa watu wasio na dalili, na majibu ya uongo huwa mengi. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuingizwa kwenye mfululizo wa vipimo, hofu na hata upasuaji ambao wenyewe una uwezo wa kusababisha kiharusi. Jopo la kitaifa la kinga nchini Marekani limependekeza dhidi ya upimaji huo kwa watu wote wasio na dalili, na likarudia msimamo wake mwaka 2021. Vifurushi vya "kupima mishipa yote" vinavyotangazwa kwenye maonyesho na mitandaoni vinauza utulivu wa moyo kuliko afya. Pesa hiyohiyo ikinunua mashine nzuri ya presha ya nyumbani pamoja na kipimo cha sukari na lehemu, imetumika vizuri zaidi.

Dawa zinafanya kazi gani?

Statini, kama vile atovastatini na rosuvastatini, hushusha lehemu mbaya na, jambo lisilojulikana na wengi, huimarisha kifuniko cha plaki na kutuliza uvimbe uliomo ndani yake. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019, wagonjwa waliokuwa wamepata kiharusi na wenye ugonjwa wa ateri waligawanywa: kundi moja lilishushwa LDL hadi chini ya milimoli 1.8 kwa lita, na jingine likaachwa kwenye kiwango cha juu kidogo. Matukio makubwa yalipungua kutoka asilimia 10.9 hadi 8.5. Kwa hiyo daktari anaposema lehemu "iko sawa", uliza ni sawa kwa nani. Kiwango kinachomtosha mtu mwenye afya hakimtoshi mwenye plaki iliyoleta dalili.

Aspirini ya dozi ndogo huzuia chembe sahani za damu zisishikane juu ya plaki iliyochubuka. Baada ya kiharusi cha mpito au kiharusi kidogo, daktari anaweza kuongeza klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia chembe sahani, kwa wiki tatu hivi, kisha akabakiza moja tu. Dawa hizi mbili zikitumiwa pamoja kwa muda mrefu bila sababu huleta kutoka damu tumboni na hata ubongoni, hivyo mtu asijiongezee mwenyewe kwa kusikia jirani anazitumia.

Presha ndiyo yenye uzito kuliko vyote. Lengo la kawaida ni chini ya 130/80 kwa anayeivumilia. Kosa linalojirudia ni kumeza dawa hadi presha ishuke, kisha kuziacha kwa kuwa "imepona". Ilishuka kwa sababu ya dawa.

Je, plaki inaweza kuyeyuka? Na zile dawa za asili za kusafisha mishipa?

Statini zenye nguvu zikitumika kwa muda mrefu zinaweza kuipunguza plaki kidogo, lakini faida yake kuu ni kuifanya tulivu. Hakuna kinywaji, unga wala mchanganyiko wa kitunguu saumu, tangawizi, limau na asali uliothibitika kuiondoa. Kitunguu saumu ni kiungo kizuri, kiache kwenye mchuzi. Madhara ya dawa hizi za kusafisha mishipa mara nyingi hayatokani na kilichomo ndani ya chupa bali na kilichoachwa, kwa maana mgonjwa huweka pembeni vidonge vya presha akisubiri chupa imalizike.

Nile nini?

Punguza chumvi kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo kwenye vionjo vya kiwandani na ile inayonyunyizwa mezani. Samli, mafuta ya nazi na mawese hupandisha lehemu mbaya kuliko mafuta ya alizeti. Hatusemi watu wa pwani waache samaki wa kupaka. Tui la siku moja moja si tatizo kama yalivyo maandazi, chapati na chipsi za kila siku zinazokaangwa kwenye mafuta yaleyale tangu asubuhi. Maharage, kunde, dagaa, mboga za majani na ugali wa dona tayari ni chakula cha kulinda ateri, na bei yake inajulikana.

Upasuaji unafanywa lini na unasaidia kiasi gani?

Hapa lazima kutenganisha wagonjwa wawili. Wa kwanza amepata dalili, na ateri ya upande unaohusika imebanwa kwa asilimia 70 hadi 99. Jaribio kubwa la Amerika Kaskazini lililotangazwa mwaka 1991 lilionyesha kwamba katika miaka miwili, wagonjwa 26 kati ya 100 waliotibiwa kwa dawa pekee za wakati ule walipata kiharusi cha upande huo, wakilinganishwa na 9 kati ya 100 waliopasuliwa. Faida hiyo ni kubwa, lakini hufifia siku zinavyokwenda, na ndiyo maana upasuaji unashauriwa ufanyike ndani ya wiki mbili tangu dalili. Kwa waliobanwa kati ya asilimia 50 na 69 faida ipo lakini ni ndogo, na chini ya hapo haipo.

Mgonjwa wa pili hana dalili. Plaki yake imeonekana kwa bahati. Kwake majaribio ya zamani yalionyesha hatari ya kiharusi ya miaka mitano ikishuka kutoka takriban asilimia 12 hadi 6, lakini mengi yalifanyika kabla statini hazijaenea. Kwa tiba ya dawa ya sasa wengi wa wagonjwa hawa wana hatari ya karibu asilimia 1 kwa mwaka au chini yake, na kwa maoni yetu asiye na dalili hapaswi kuharakishwa kwenye meza ya upasuaji.

Katika upasuaji wenyewe, shingo hukatwa kwa mbele ya msuli wa pembeni, ateri hubanwa juu na chini, hufunguliwa, plaki hutolewa, mara nyingi ikiwa nzima kama ganda, na ateri hushonwa, kwa kawaida kwa kiraka. Hatari zake ni kiharusi, mshtuko wa moyo, damu kujaa shingoni, na neva kuumia, hivyo sauti kukwaruza au ulimi kupinda, mara nyingi kwa muda. Uliza timu ya upasuaji kiwango chao cha kiharusi na vifo: kisizidi asilimia 6 kwa wenye dalili na 3 kwa wasio nazo. Swali hilo si ukosefu wa adabu.

Je, stenti ni bora kuliko kisu?

Stenti, yaani kibomba cha wavu wa chuma kinachoishikilia ateri iwe wazi, huingizwa kwa mrija mwembamba kutoka kwenye paja au mkono, hivyo haikati shingo. Jaribio la CREST la mwaka 2010 lilionyesha kwamba katika kipindi cha tiba, kiharusi kilitokea kwa asilimia 4.1 ya waliowekewa stenti na 2.3 ya waliopasuliwa, na mshtuko wa moyo ukawa kinyume, 1.1 dhidi ya 2.3. Wazee wa zaidi ya miaka 70 kwa ujumla hufanya vizuri zaidi kwa upasuaji, na aliyewahi kupigwa mionzi shingoni au kupasuliwa hapo kabla huelekezwa kwenye stenti.

Ateri imeziba kabisa. Kwa nini daktari anakataa kuizibua?

Kwa sababu damu haipiti tena hapo kubeba mabonge juu, na kujaribu kuizibua kunaweza kuyasukuma. Ubongo umeshapata njia nyingine. Tiba inabaki dawa, pamoja na kuulinda upande wa pili.

Kinyozi wangu hunikanda na kunivunja shingo baada ya kunyoa. Kuna ubaya?

Kukandwa mabega hakuna neno. Kuzungushwa shingo kwa ghafla hadi ilie kuna hatari, kwa sababu kunaweza kuchana ukuta wa ateri hata kwa mtu mzima wa afya, na kwa mwenye plaki hakuna sababu ya kujaribu. Mwambie mapema, kabla hajashika kidevu.

Dalili zikianza nyumbani tufanye nini?

Tazama uso kama umepinda, mwambie ainue mikono yote miwili, mwambie arudie sentensi fupi. Kimoja kikikosekana, andika saa ambayo mara ya mwisho alionekana mzima, na mpelekeni moja kwa moja kwenye hospitali yenye CT, hata ikibidi kuipita zahanati iliyo jirani. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa nne na nusu, na kabla ya kutolewa lazima picha ithibitishe kwamba hakuna damu iliyovuja.

Kwa sababu hiyohiyo msimpe aspirini nyumbani, kwani huenda ni mshipa uliopasuka. Msimwekee chini ya ulimi dawa ya kushusha presha haraka, kwa kuwa ubongo unaokosa damu huhitaji presha hiyo hadi daktari aamue. Msimpe chakula wala maji, maana kumeza kunaweza kuwa kumeharibika. Na wanaoamini kwamba ametupiwa kitu wana nafasi ya kuomba dua wakiwa ndani ya gari. Saa zinazopotea kwa mganga hazirudi.

Nilisikia plastiki imekutwa ndani ya plaki. Ni kweli?

Ni kweli. Watafiti nchini Italia waliripoti mwaka 2024 kwamba kati ya wagonjwa 257 waliofuatiliwa baada ya kuondolewa plaki ya karotidi, 150 walikuwa na chembe za polithini ndani yake, na hao walipata kiharusi, mshtuko wa moyo au kifo mara nyingi zaidi katika miezi 34 hivi iliyofuata. Uhusiano huo haujathibitisha kwamba plastiki ndiyo chanzo, na hakuna tiba inayobadilika kwa sasa kwa ajili yake.

Baada ya kugunduliwa, nirudi lini?

Lehemu hupimwa tena wiki 4 hadi 12 baada ya kuanza au kubadilisha statini, kisha kila mwaka hivi ikishatulia. Ultrasaundi hurudiwa kulingana na kiwango: mwenye mshipa uliobanwa kwa nusu au zaidi kwa kawaida hurudi kila baada ya miezi 6 hadi 12, na mwenye plaki ndogo hahitaji kipimo cha mara kwa mara. Baada ya upasuaji au stenti, kipimo cha kwanza hufanyika ndani ya miezi michache, kwa kuwa mshipa unaweza kubana tena kwa kovu. Njoo na ripoti ya zamani, si simulizi yake, pamoja na daftari la presha za nyumbani zilizoandikwa asubuhi kabla ya dawa. Bila hivyo viwili daktari atalazimika kuanza upya.